Fumbo la vita halikufumbuliwa Uingereza pekee

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii inaiafiki mno filamu ya The Imitation Game, iliyotolewa mwaka 2014 chini ya uelekezi wa Morten Tyldum, ambayo inasimulia maisha ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyesaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Walimu kadhaa wa shule za upili katika kaunti za Kitui na Makueni wameniuliza iwapo inafaa kutazamwa na wanafunzi wao. Jibu langu ni kwamba inafaa, na inafaa sana, mradi mwalimu asikubali habari iishie pale filamu inapoishia. Iko sura moja ya kisa hicho iliyotendeka Mombasa, ndani ya majengo ya shule. Iko nyingine iliyowafika askari wa Afrika Mashariki katikati ya Bahari Hindi. Zote mbili hazimo katika filamu, na aghalabu hazimo katika vichwa vya wanafunzi wetu.

Tuanze kwa kumpa Turing haki yake, kwani mgala muue na haki yake mpe. Alizaliwa London mwaka 1912. Mwaka 1936 aliandika makala ya hisabati iliyoeleza mashine ya kufikirika inayoweza kukokotoa lolote linalokokotoleka, na wataalamu wengi huihesabu makala hiyo kuwa msingi wa kompyuta za leo. Vita vilipozuka mwaka 1939 alijiunga na kituo cha siri cha Bletchley Park. Huko alibuni mashine ya umeme iliyoitwa bombe, ambayo kazi yake ilikuwa kutafuta mpangilio wa kila siku wa Enigma, chombo ambacho Wajerumani walikitumia kuficha jumbe zao. Mwaka 1952, serikali iliyonufaika na akili yake ilimshtaki kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa jinai nchini humo wakati huo, naye akakubali kutiwa dawa za homoni ili asifungwe gerezani. Alifariki Juni 1954 kabla hajatimiza miaka 42. Msamaha wa kifalme ulitolewa Desemba 2013, miaka 59 baada ya kifo chake. Kwa kuyaweka mambo haya mbele ya macho ya ulimwengu, filamu imefanya jambo la kheri.

Hata hivyo, filamu ya wasifu ina desturi yake. Hutaka shujaa mmoja, adui mmoja na ushindi mmoja. Turing wa filamu anapigana karibu peke yake, na mashine yake anaipa jina la Christopher, la rafiki yake wa utotoni. Ukweli wa historia una watu wengi zaidi. Wanahisabati watatu wa Polandi, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, ndio walioanza kuifumbua Enigma ya kijeshi tangu mwishoni mwa 1932, na Julai 1939 taifa lao liliwakabidhi Waingereza na Wafaransa maarifa hayo. Gordon Welchman, aliyeiboresha bombe kwa kiasi kikubwa, hana nafasi katika filamu. Mashine ya kwanza iliitwa Victory. Kufikia mwisho wa vita, Bletchley Park ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na takribani robo tatu yao walikuwa wanawake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini filamu ilitaka kidole kimoja.

Kasoro hii si ya Waingereza peke yao. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila taifa likisimulia vita vyake hujiweka katikati ya uwanja. Linalonishughulisha ni sisi tunaokaa pembeni ya ngoma hiyo tukapiga makofi, tukasahau kwamba mguu wetu pia ulikuwamo uwanjani. Mwanafunzi wangu mmoja, baada ya kuitazama filamu hii, aliuliza kwa sauti ya utani: "Mwalimu, wakati huo sisi tulikuwa wapi?" Swali hilo linastahili jibu lisilo la utani.

Jibu la kwanza liko Mombasa. Wanamaji wa Uingereza walikuwa na kituo cha kunasa na kufumbua jumbe za Kijapani kilichojulikana kama Far East Combined Bureau. Kilianzia Hong Kong, kikahamia Singapore mwaka 1939, kisha Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka, mwanzoni mwa 1942. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani ziliishambulia Colombo, na siku nne baadaye Trincomalee. Manowari za Uingereza zikaona usalama wao uko magharibi zaidi, zikaja Kilindini. Wafumbuzi wa misimbo wakaja pia. Walipewa majengo ya shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari na kubeba jina la yule tajiri wa Kihindi ambaye maduka yake yaliandamana na reli hadi Uganda. Basi wanafunzi wakipita leo katika lango la shule hiyo, wapite wakijua kwamba ndani yake ilifanyika kazi iliyo dada wa ile ya Bletchley Park.

Mazingira yalikuwa magumu. Mombasa iko mbali na bahari walimokuwa Wajapani, na mawimbi ya redio yaliyofika yalikuwa hafifu. Hata hivyo, hapo ndipo msimbo wa meli za biashara za Japani, uliopewa jina la JN-40, ulipofumbuliwa. Wataalamu waliutazama wakadhani ni msimbo wa kujumlisha tarakimu, sawa na ule wa manowari. Haukuwa hivyo. Ulikuwa na hatua mbili, na mwanafunzi wa Kitui au Wote anaweza kuzielewa kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya kwanza ni jedwali: kila alama ya maandishi hupewa tarakimu mbili. Tuseme silabi MA ni 47, JI ni 20, HA ni 81 na PA ni 63. Ujumbe "maji hapa" utakuwa 47 20 81 63. Hatua ya pili ni kuzipangua tarakimu. Ziandike katika mistari miwili, 4720 juu na 8163 chini yake, kisha usome kutoka juu kwenda chini, safu baada ya safu. Utapata 48 71 26 03. Tazama lililotokea: nusu ya MA imeungana na nusu ya HA, na hakuna silabi iliyobaki nzima. Asiyejua upana wa mistari wala mpangilio wa safu atahangaika na tarakimu hizo hadi usiku wa manane.

Msomaji aliyekulia Mwambao atakuwa ameanza kutabasamu. Watoto wa pwani wana mchezo wa kale uitwao kinyume, ambao huchukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mwanzo. Mombasa huwa "Samomba", Makueni huwa "Nimakue", na "meli imetoka" huwa "lime kaimeto". Asiyejua ufunguo husikia makelele, anayeujua husikia habari. Kupangua ni kupangua, liwe la mtoto anayemficha mamake siri au la jeshi la majini. Msimbo wa Wajapani ulikuwa kinyume kilichovikwa tarakimu, na ulifumbuliwa katika mji wenye kinyume chake.

Ulifumbuliwaje? Kwa kosa la mwanadamu. Septemba 1942, mtumaji mmoja wa Kijapani alituma ujumbe akasahau kutaja mahali meli ilipo. Alipotanabahi, hakutuma nyongeza peke yake. Aliuficha upya ujumbe wote kwa funguo zile zile, mara hii akiwa ametia mahali palipokosekana. Huko Mombasa, John MacInnes na Brian Townend wakawa na maandishi mawili ya habari moja, yenye tofauti ndogo. Kwa kufuatilia jinsi kipande kile kilichoongezwa kilivyozisukuma tarakimu nyingine, waligundua jinsi zilivyopangwa. Kufikia Novemba walikuwa wakizisoma jumbe za zamani na kila mpya ilipoingia, na katika muda wa wiki mbili hivi wakafumbua mifumo mingine miwili, JN-152 na JN-167. Meli zilizobeba askari na shehena za Japani zikawa zinajulikana zilipo na ziendako. Wafumbuzi walirejea Colombo mwaka 1943.

Nikiwa mtu wa isimu, hapa ndipo ninapotaka walimu wa lugha wanitegee sikio. Tumezoea kudhani kwamba kazi ya aina hii ni ya mwalimu wa hisabati pekee. Hisabati ni nusu yake. Nusu nyingine ni kujua kwamba lugha yoyote ina mazoea yake, na mazoea hayo hayafichiki kwa urahisi. Al-Kindi, msomi wa Baghdad wa karne ya 9, alikwisha kueleza kwamba ukihesabu herufi zinazorudiarudia katika maandishi ya siri unaweza kuzitambua, kwa sababu kila lugha ina herufi inazozipenda. Mtu akificha barua ya Kiswahili kwa kubadilisha herufi tu, atanaswa upesi: takribani kila neno letu huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano. Kikamba nacho maneno yake huishia kwa irabu, lakini kinazo saba. Mwanafunzi anayejua haya ameshika ncha ya uzi ambao wafumbuzi waliufuata.

Jibu la pili la swali la mwanafunzi wangu liko karibu zaidi na nyumbani. Wakati Mombasa inafumbua, Ukambani ilikuwa inatoa askari. Wakoloni walipenda kusema kwamba Wakamba ni kabila la vita kwa maumbile. Porojo hiyo ilifaa ofisi za kuandikisha watu, lakini wenye nyumba walijua sababu nyingine: kodi, ukame na mifugo iliyopungua. Mwaka 1938 serikali ilipojaribu kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, watu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga amri hiyo. Mbingu akafungiwa Lamu. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na mshahara wa askari ukawa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi. Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na ilibaki hivyo hadi 1992. Reli ilipita, kama inavyopita leo, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei kuelekea bandarini. Aliyesafirishwa kwenda vitani ng'ambo alishuka na reli hiyo hadi Kilindini ile ile.

Kikosi cha King's African Rifles kilikua hadi kuwa na batalioni 43. Askari wake walipigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuufikia mji wa Kalewa mapema Desemba. Lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili kilichopunguzwa sarufi, ambacho wanaisimu hukiita KiKAR. Huko vijijini, herufi za KAR ziligeuka kuwa neno moja, Keya. Mtoto wa leo akisikia kwamba babu wa jirani "alikuwa Keya" hajui kwamba ameambiwa historia ya dunia kwa silabi mbili, kama vile asivyojua kwamba Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps ya wapagazi wa vita vya kwanza. Maneno haya nayo ni misimbo. Ufunguo wake umo vichwani mwa wazee, na wazee wanakwenda.

Sasa sikilizeni jinsi nyuzi hizi mbili zilivyokutana baharini. Tarehe 30 Oktoba 1942, manowari ya Uingereza iitwayo Petard iliilazimisha nyambizi ya Kijerumani, U-559, kuibuka katika Bahari ya Mediterania. Mabaharia wawili, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani ya nyambizi iliyokuwa ikizama wakatoa vitabu vya siri. Walizama nayo. Vitabu vilifika Bletchley Park, na Desemba 1942 msimbo wa nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki, uliokuwa umewashinda wafumbuzi tangu Februari, ukafumbuliwa tena. Fasson na Grazier nao hawamo katika filamu ya Turing.

Petard hiyo hiyo ilikuwa Bahari Hindi mwanzoni mwa 1944, ikisindikiza msafara wa meli tano za abiria kutoka Mombasa kwenda Colombo. Moja ya meli hizo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, na wengine ni pamoja na wanamaji na wauguzi wa kike. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Nyambizi ikajificha chini ya maji mahali manusura walipokuwa wakielea, na manowari zilizokuwa zikiisaka zikadondosha mabomu ya kulipukia majini hapo hapo walipokuwa watu hao. I-27 ilizamishwa. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka ni 214.

Filamu ya Turing ina onyesho moja ambalo wanafunzi hawalisahau. Wafumbuzi wanatambua kwamba msafara wa meli utashambuliwa, na mmoja wao ana ndugu ndani ya meli mojawapo. Turing anakataa wasionywe, ili adui asijue kwamba siri yake imevuja. Onyesho hilo ni la kubuni, maana uamuzi wa aina hiyo haukuwa mikononi mwa vijana wa Bletchley. Watazamaji hulia hata hivyo, na hawana kosa, kwa sababu ndugu yule amepewa jina na uso. Hii ndiyo nguvu ya filamu. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail hawakubuniwa, lakini ni wanafunzi wangapi wa Kenya wanaoweza kulitaja jina la meli yao? Anayekumbukwa ni aliyepata wa kumsimulia.

Na hapa ndipo fumbo lililobaki lilipo, tena ni letu. Wapiga mizinga wale wamekumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Majina ya waliokufa vitani yamo pia katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mwalimu mwenye simu anaweza kuzitafuta kwenye intaneti. Orodha za aina hii zilianzia kwa makarani walioandika walivyosikia, kwa mashine isiyokuwa na ũ wala ĩ. Katika rekodi za zama hizo, mara nyingi askari ana jina lake moja, la baba yake, na nambari. Kwa mgeni hayo ni maandishi matupu. Kwa mtoto wa Mutomo au Kathonzweni ni habari kamili: Mutuku alizaliwa usiku, Wambua wakati wa mvua, Kyalo mamake akiwa safarini, na Musyoka ni jina litokanalo na kitenzi cha kurejea. Hakuna mashine ya kuusoma msimbo huo vizuri kuliko mzawa wa lugha.

Wapo watakaosema kwamba mtaala umejaa na mitihani haingoji. Hoja hiyo ina uzito, lakini mlango wa kazi hii umo ndani ya mtaala wenyewe. Fasihi simulizi inafundisha mafumbo, lakabu na misimu. Inafundisha pia kazi nyanjani, ambayo katika shule nyingi huishia kuwa orodha ya hatua za kukariri. Kwa nini kazi nyanjani ya kidato cha tatu isiwe kwenda kwa mjane au mtoto wa askari wa Keya, na kuuliza jina lake kamili, alikojiandikishia, nambari yake kama hati ya kuachishwa jeshi ingali sandukuni, maneno aliyorudi nayo, na nyimbo alizoimba? Kwa nini mwalimu wa hisabati asishirikiane na wa Kiswahili kufundisha jedwali na kinyume kwa kipindi kimoja? Hilo halihitaji fedha za wizara.

Wala si jambo geni katika nchi hii ya ndai, yaani vitendawili vya Kikamba. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya ngano za watu wake zipatazo 1,500, na mwaka 1966 akachapisha baadhi yake katika kitabu cha Akamba Stories. Alifanya hivyo wakati ambapo wasimulizi walikuwa bado wapo. Sisi tumechelewa kuliko yeye: kijana aliyekuwa na miaka 18 siku Khedive Ismail ilipozama angekuwa amezaliwa mwaka 1926. Wengi wa waliorudi wamekwisha kuzikwa. Waliobaki ni watoto wao, ambao nao wana mvi.

Kwa hiyo, walimu, waonyesheni wanafunzi filamu ya Turing. Wakimaliza, waulizeni maswali matatu. Nani wengine walifanya kazi hii ambao hatukuwaona? Ni sehemu gani yake iliyofanyika Kenya? Na nani katika kijiji chenu alikwenda Keya asirudi? Majibu ya maswali mawili ya kwanza wameyapata katika ukurasa huu. La tatu watalipata nyumbani, na waliandike kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili, jina likiwa na irabu zake zote saba mahali pake.